Binti Akituletea Picha Zake, Tumwambie Nini?



 

Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlio mashuleni, leo tunataka tuzungumze jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi. Vijana wetu, na hasa mabinti, wanapigwa picha za uanamitindo, wanazikusanya kuwa albamu ya kuombea kazi, kisha wanazipitisha kwa watu wakiuliza: "Mnazionaje?"

Hapa Nchelenge na kandokando ya Ziwa Mweru mwenendo ni ule ule karibu kila mara. Yupo kijana anayejifunza kupiga picha. Hana studio wala taa. Ana simu nzuri, au kamera ya kuazima. Yupo na binti mrefu ambaye tangu darasa la saba anaambiwa angefaa kuwa mwanamitindo. Kijana anataka mazoezi, binti anataka picha, na hakuna mwenye pesa ya kumlipa mwenzake. Wanakubaliana: wewe simama mbele ya kamera, picha tutagawana. Wanakwenda ufukweni, wanarudi na picha mia mbili, wanazichuja zinabaki ishirini. Hapo ndipo binti anaanza kutafuta maoni.

Sisi tunaona kwamba swali la binti huyu lina haki ya kujibiwa, lijibiwe nyumbani kwanza, na lijibiwe kwa ukweli. Asipopata jibu nyumbani atalipata kwa mtu asiyemjua, na jibu la mtu huyo mara nyingi lina bei.

MAJIBU MAWILI YANAYOMWACHA PALE PALE

Jibu la kwanza ni la marafiki: "Mashaallah, umependeza!" Ni neno zuri, na mwenye kulisema hana ubaya. Lakini halimwambii binti lolote kuhusu picha. Yeye hakuuliza kama amependeza. Ameuliza kama picha hizi zinaweza kumfikisha anakotaka kwenda, na hilo limebaki bila jibu.

Jibu la pili ni la baadhi ya wakubwa: "Futa hizo, ni haramu." Neno limekatwa, mlango umefungwa, picha hazikutazamwa hata moja. Hatukukusudia hapa kutoa fatwa. Masheikh wana mitazamo yao juu ya picha na juu ya kazi hii, na kila familia imrejee sheikh wanayemwamini. Tunachosema ni kwamba hata baba mwenye kuikataa kazi hii moja kwa moja ana wajibu wa kuziangalia picha za mwanawe na kumweleza sababu zake kwa utulivu. Binti aliyefokewa hafuti picha. Anabadilisha namba ya siri ya simu yake tu.

Tukumbuke pia kwamba katika Sura An-Nur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, kisha ikafuata kwa wanawake. Kwa hiyo mazungumzo haya hayamhusu binti peke yake. Yanamhusu kijana aliyeshika kamera, yanamhusu kila mwenye kuzipokea zile picha kwenye simu yake, na yanamhusu kaka anayezisambaza kwa wenzake bila ya idhini.

KWA NINI PICHA NI JAMBO ZITO KWETU

Wengi wa wanaosoma ukurasa huu walipitia Kenani. Machafuko ya Haut-Katanga na Tanganyika yalipozidi, kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017 watu walivuka mpaka kwa maelfu, wakapokewa katika kituo cha muda cha Kenani. Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, humu humu wilayani. Desemba 2021 baadhi ya ndugu zetu walianza kurejea Pweto kwa hiari yao, na wengine tukabaki.

Sasa fikirini: picha ya kwanza ya mtoto wetu katika nchi hii ilikuwa ipi? Ilikuwa ya usajili. Simama hapa, tazama mbele, weka kidole. Picha ya pili pengine alipigwa na mgeni aliyekuja kutazama kambi, na mgeni alimtaka akiwa na ndoo ya maji, uso wa huzuni, miguu peku. Mtoto aliyefika Kenani akiwa na miaka minane alitimiza kumi na sita mwaka 2025. Katika miaka yote hiyo sura yake ilikuwa ikichukuliwa na watu wengine kwa haja zao.

Basi binti huyo anapochagua mwenyewe kitenge, akachagua mtandio, akamwambia kijana wa jirani "nipige hivi," kuna kitu cha haki anachokitafuta, nacho ni kuonekana anavyojijua yeye. Mzazi akilielewa hili kabla ya kufungua kinywa, atazungumza kwa lugha nyingine kabisa.

ALIYETOKA KAMBINI AKAFIKA MBALI

Njia hii ina waliokwishaipita, na mmoja wao ni Mwislamu aliyezaliwa kambini. Halima Aden alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Kisomali. Akiwa bado mtoto familia yake ilihamia Marekani. Mwaka 2016 alishiriki mashindano ya Miss Minnesota USA akiwa na hijabu yake, akafika nusu fainali. Mwaka 2017 alipata mkataba na wakala mkubwa wa wanamitindo, na mwaka 2018 akatokea kwenye jalada la British Vogue akiwa na hijabu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jarida hilo. Mwaka 2019 alipigwa picha Watamu, pwani ya Kenya, kwa ajili ya toleo la mavazi ya kuogelea la Sports Illustrated, akiwa na vazi la kusitiri mwili. Novemba 2020 akatangaza kwamba anaiacha kazi hiyo.

Kwa nini? Aliingia na masharti yake: hijabu haivuliwi, na apewe mahali pa faragha pa kubadilisha nguo. Kwa maelezo yake mwenyewe, masharti yalilegea kidogo kidogo, hadi katika kazi nyingine akajikuta amefunikwa kichwa kwa suruali ya jinzi badala ya mtandio. Alieleza kwamba katika vyumba vile walikosekana wanawake wa Kiislamu wa kumvisha na kumwelewa. Akasema pia kwamba mama yake alimtaka aiache kazi ile zamani sana.

Hapa pana funzo kubwa kuhusu maoni. Dunia nzima ilikuwa ikimsifu, na picha zilikuwa nzuri, zimepigwa na mabingwa. Aliyemwambia neno tofauti alikuwa mtu asiyepata senti katika zile picha.

Funzo jingine ni chungu zaidi. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilichapisha uchunguzi kuhusu vijana waliochukuliwa kutoka Kakuma kwenda Ulaya kufanya uanamitindo. Baadhi yao walirudi kambini baada ya muda mfupi, kazi hazikupatikana, na wakabakia na madeni ya maelfu ya yuro kwa gharama za safari na malazi. Vijana hawa nao waliwahi kuambiwa na mtu kwamba picha zao ni nzuri sana.

JINSI YA KUZITAZAMA PICHA

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Mzazi si lazima awe mpiga picha ili atoe maoni yenye faida. Kaeni na binti, tandazeni picha zote ishirini, mtazame pamoja mambo haya:

1. Mwanga. Jua la saa sita hapa kwetu husimama juu ya utosi. Linatia giza kwenye macho na chini ya pua, na uso mzuri unaonekana umechoka. Jioni nako kuna mtego wake. Sisi tuko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua linatua majini. Binti akisimama na ziwa mgongoni mwake saa kumi na moja jioni, nyuma panang'aa na uso unabaki kivuli. Ageuke alitazame ziwa, mwanga wa dhahabu utamwangukia usoni. Au apigwe asubuhi, au kivulini kwenye ukuta mweupe ulio wazi.

2. Rangi ya ngozi. Kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe hupima mwanga wa picha nzima. Mchanga mweupe na maji yanayometa huidanganya, ikapunguza mwanga, na ngozi yetu nyeusi ikageuka doa lisilo na sura. Mpiga picha apime mwanga kwenye uso. Hili lina historia: kwa miaka mingi maabara za filamu zilipimia rangi kwa kadi zenye picha za wanawake wa Kizungu. Kwa hiyo binti asifikiri kwamba weusi wake ndio ulioharibu picha.

3. Umbali. Simu ikisogezwa karibu na uso hukuza pua na paji. Mpiga picha arudi nyuma hatua tatu au nne, kisha avute picha kidogo.

4. Nyuma ya picha. Je, kuna chanja za chisense zinazokauka, mitumbwi, watoto wanaochungulia, mama anayefua ambaye hakuulizwa? Kama nguo ndiyo inayotakiwa kuonekana, nyuma pawe patupu. Na yule mama anayefua ana haki yake pia.

5. Urekebishaji. Programu za simu zinang'arisha ngozi, zinachonga pua, zinapanua macho. Picha ya namna hiyo haifai kuombea kazi, maana anayeajiri atamwona mtu mwingine mlangoni. Na kumng'arisha binti ili apendeze ni kumwambia kwamba alivyo hafai.

6. Idadi. Ishirini ni nyingi. Zichaguliwe nane ambazo kila moja inaonyesha kitu kipya. Picha dhaifu moja huzishusha zile saba nzuri. Mawakala wengi wa kweli huanza kwa kuomba picha nyepesi tu: uso kwa mbele, uso kwa ubavu, na mwili mzima kwa kusimama wima, bila vipodozi, kwenye mwanga wa kawaida. Hizo hata mdogo wake anaweza kumpiga kwa simu, wala hazihitaji gharama.

7. Pozi. Hapa muulizeni swali moja kwa upole: "Mkao huu uliutaka wewe, au uliambiwa?" Msikilize jibu mpaka mwisho. Picha ambayo binti mwenyewe anaipitisha haraka haraka kwa kidole ndiyo ya kuizungumza.

TUTENGANISHE MAKOSA

Kuna jambo ambalo watoa maoni wengi hawalifikirii. Ukimwambia binti wa miaka kumi na saba "picha hizi mbaya," yeye anasikia "wewe mbaya." Kwa hiyo tujifunze kutenganisha. Uso ukiwa gizani, hilo ni la mpiga picha. Mikono ikiwa imekakamaa, hilo ni la aliyesimama, na linaondoka kwa mazoezi. Nguo isipomkaa, hilo ni la wote wawili. Na kimo si kosa la mtu. Mawakala wengi wa majukwaa ya Ulaya hutafuta mabinti wa kuanzia karibu sentimita 172. Binti wa sentimita 160 aambiwe ukweli huo mapema na kwa mapenzi, asije akalipia ndoto ambayo mwenye kuuza anajua kwamba haipo.

Lakini asiambiwe hayo yakaishia hapo. Mafundi cherehani wa Kashikishi na Mantapala wanahitaji picha za mishono yao. Wauza mitandio na vitenge wanahitaji mtu wa kuivaa bidhaa ionekane. Huko hakuna anayepima kimo kwa futi, na malipo, japo madogo, yanaonekana kwa macho. Kwa binti anayetaka kubaki na stara yake, na kwa mpiga picha anayeanza, hii ni kazi halisi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu.

Na kijana mpiga picha tusimsahau. Naye ni mtoto wa watu, na naye anastahiki maoni. Aambiwe kipi amekipatia na kipi akarudie. Tena aelezwe adabu za kazi: mama au dada mkubwa awepo wakati wa kupiga, mahali pawe pa wazi, aliye chini ya miaka 18 asipigwe bila ya mzazi kujua, na kabla ya picha ya kwanza waandike kwenye karatasi nani atazihifadhi, zitaonyeshwa wapi, na zipi zitafutwa. Karatasi moja ya daftari yatosha. Sisi Waislamu tumefunzwa kuandikiana hata madeni, basi sura ya mtu ina haki zaidi.

NANI AULIZWE, NANI ASIULIZWE

Aulizwe mwenye ujuzi asiye na faida. Mpiga picha wa harusi aliyefanya kazi miaka kumi atasema ukweli wa mwanga kwa dakika tano. Fundi cherehani atasema kama nguo inaonekana. Mwalimu wa kike atasema kama amemtambua mwanafunzi wake. Mama atasema mambo ambayo wengine hawayaoni.

Asiulizwe mtu ambaye anatoa maoni na papo hapo anauza. Dalili zake mnazijua: anasifu sana kabla ya kutazama, anasema nafasi zinaisha kesho, anataka pesa ya usajili itumwe kwa simu, anataka picha nyingine "zisizo na nguo nyingi" ili apime mwili. Wakala wa kweli hupata fungu lake katika malipo ya kazi iliyofanyika. Anayeanza kwa kuomba pesa amekwishapata alichokitaka. Na anayeomba picha za namna ile ya mwisho akatiwe mawasiliano siku hiyo hiyo, mzazi ajulishwe, na ujumbe wake uhifadhiwe kwa ajili ya polisi.

Kwa walio wakimbizi tunaongeza hili. Kutoka kwenye makazi kunahitaji kibali, na kusafiri nje ya nchi kunahitaji hati ya safari na taratibu za Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Mtu anayemwahidi binti Lusaka, Dubai au Paris, kisha akasema ofisini hakuna haja ya kupita, huyo hakuja kwa ajili ya picha.

NENO KWA WANAFUNZI

Mabinti zetu, mna haki ya kuuliza maoni. Ila ulizeni vizuri. Msiseme "mnazionaje," maana swali pana huleta jibu jepesi. Semeni: "Picha ipi niitoe? Uso wangu unaonekana? Nguo hii inaelezeka? Ungekuwa na duka, ungenipa kazi?" Mkipewa jibu msilolipenda, lilazeni usiku mmoja kabla ya kulikataa. Na albamu iwe jambo la kando, shule ibaki njiani. Halima mwenyewe alikuwa na jambo la kufanya alipoiacha kamera, na nanyi muwe nalo.

Nanyi wazazi, leo jioni baada ya Magharibi muulizeni kijana wenu kama ana picha angependa mzione. Huenda akasema hana. Muulizeni tena wiki ijayo. Akizileta, vaeni miwani, muwashe taa, mzitazame zote mpaka ya mwisho kabla ya kusema neno.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awape riziki ya halali, awasitiri wanapoonekana na wanaposahauliwa, na atujaalie sisi tuwe wa kwanza kuambiwa siri zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.